Je, Msitu Umo Ndani ya Picha ya Setilaiti?

Tukitazama picha ya setilaiti ya vilima vya Manyovu, wilayani Buhigwe, tunaona kijani na kusema upesi: huu ni msitu. Lakini setilaiti haikuona msitu. Ilipima mwanga wa jua uliorudi kutoka ardhini, ikaandika namba.

Kwa setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, siku hizi namba hiyo ni ya mraba wa mita 30 kwa 30, karibu robo ekari. Huitwa pikseli. Manyovu, robo ekari inaweza kuwa na migomba, mibuni, bati la nyumba na njia ya miguu, na vyote huchanganywa kuwa kipimo kimoja kwa kila aina ya mwanga.

Hapo linazuka swali la ontolojia: pikseli ni kitu? Mgomba una umoja wake hata asipokuwapo wa kuutazama. Mpaka wa pikseli umewekwa na chombo. Wanafalsafa Barry Smith na Achille Varzi hutenganisha mipaka iliyomo katika vitu vyenyewe, kama ukingo wa mto, na ile inayotokana na uamuzi wa watu. Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Hakuna setilaiti iliyouona mstari huo.

Msitu wenyewe ni mgumu zaidi. Kwa FAO, ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti ya kufikia mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, tena lisiwe la kilimo. Neno hilo la mwisho ndilo lenye tabu, maana matumizi hayarudishi mwanga. Mibuni chini ya miti ya kivuli hung'aa kama msitu. Miombo nayo hupukutisha majani kiangazi: picha ya Agosti itaonyesha ukavu bila hata mti mmoja kukatwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba kosa huingia katika hukumu ya akili, si katika jicho linalopokea rangi. Setilaiti ni jicho. Anayeandika "msitu" ndiye anayehukumu, na kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, neno hilo likiangukia shamba la kahawa la mjane, ataambiwa amevamia hifadhi. Ndiyo maana mchora ramani makini hupanda kilima kwa miguu na kumwuliza: mama, hapa mnapaitaje, na mnapatumiaje?