Jina la Duka Hukaa Wapi Mtandaoni?

Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, yapata saa 12:40 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika kwa mpigo. Ni saa ambayo wauza nguo, waoka keki na madalali wa vyumba hupokea maulizo ya wateja waliotoka kazini. Simu zilikuwa na chaji, bando lilikuwepo, tovuti nyingine zilifunguka kama kawaida. Lakini kwa karibu saa sita, mfanyabiashara aliyeweka duka lake lote ndani ya Instagram hakuwa na duka.

Seva za Facebook, kampuni iliyomiliki huduma hizo zote tatu, hazikuungua wala hazikuibwa. Wahandisi walikuwa katika matengenezo ya kawaida ya mtandao unaounganisha vituo vyao vya data. Amri moja ikatolewa, na programu iliyowekwa kuzuia amri za hatari ilikuwa na hitilafu, ikaiachia ipite. Vituo vikakatika mawasiliano. Seva zenye kazi ya kujibu swali "facebook.com iko wapi?" nazo zikajiondoa kwenye njia za intaneti, kwa kuwa ndivyo zilivyoelekezwa kufanya zikishindwa kuvifikia vituo hivyo. Mitambo ilikuwa mizima, ila dunia nzima haikuwa tena na mtu wa kumuuliza njia.

Kompyuta hazitambuani kwa majina. Zinatambuana kwa namba, na lazima pawepo mahali pa kubadili jina kuwa namba. Katika miaka ya 1970, mahali hapo palikuwa faili moja tu, iliyotunzwa na ofisi ya Elizabeth Feinler katika taasisi ya utafiti ya Stanford, California. Aliyetaka kompyuta yake iingizwe kwenye orodha aliwasiliana na ofisi hiyo, na ofisi ilikuwa na saa zake za kazi. Mtandao ulipokua, faili ikazidiwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris wa Chuo Kikuu cha Southern California akabuni mfumo wa kuigawa kazi hiyo kwa seva nyingi, na mfumo huo, DNS, ndio unaotumika hadi leo.

Tuseme mtalii wa Munich anatafuta nyumba ya wageni ya Paje, Zanzibar, ambayo anwani yake inaishia na .co.tz. Akishaandika jina kwenye simu, swali linakwenda kwenye seva ya kampuni inayompa intaneti. Ikiwa seva hiyo haina jibu, inauliza seva za mzizi, zenye majina 13 tu duniani: nani anayajua majina ya .tz? Inaelekezwa kwa seva za Tanzania. Hizo zinaitaja seva ambayo mwenye nyumba ya wageni aliiandikisha, na hiyo ndiyo inayotoa namba. Safari yote inakwisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla mtalii hajaona hata picha moja ya bahari. Ila pete moja ya mnyororo huo ikikatika, kwake nyumba ile haipo.

Na pete hukatika kwa mambo madogo sana. Jina la kikoa, yaani jina la tovuti, halinunuliwi moja kwa moja, hukodishwa, mara nyingi kwa mwaka. Mkesha wa Krismasi wa 1999 watumiaji wengi wa Hotmail, huduma ya baruapepe ya Microsoft, walishindwa kuingia. Michael Chaney, mtayarishaji programu wa Tennessee, alichunguza akagundua kwamba jina passport.com, ambalo Hotmail ililitegemea kumtambua mtumiaji, lilikuwa halijalipiwa ada. Ada yenyewe ilikuwa dola 35. Akalipa kwa kadi yake mwenyewe, na huduma ikarudi. Microsoft baadaye ilimtumia hundi ya dola 500. Kama kampuni yenye mabilioni ilisahau dola 35, fundi cherehani mwenye tovuti moja hapaswi kuona aibu kuandika tarehe hiyo ukutani.

Akichelewa, bado kuna nafasi, ingawa inazidi kuwa finyu. Jina la .com lililokwisha muda hupitia kipindi ambacho mwenyewe bado anaweza kulihuisha kwa msajili, yaani kampuni inayokodisha majina. Likishafutwa kwa msajili huingia siku 30 za kukombolewa, kwa gharama ya juu zaidi, kisha siku 5 za kusubiri. Baada ya hapo anayewahi ndiye mwenyewe. Jina likiondoka, baruapepe zote zilizoandikwa kwa jina hilo huondoka nalo: oda za wateja, ankara, hata viungo vya kubadilisha nywila za akaunti nyingine.

Hapa ndipo kazi ya fundi wa tovuti inapogusa suala la jina. Wafanyabiashara wengi humwambia fundi "nitengenezee tovuti", wakalipa, wakapewa anwani ya kufungua. Hawaulizi jina limeandikishwa kwa nani. Fundi, kwa kutaka kurahisisha kazi, huliandikisha kwa baruapepe yake na kulilipia kwa kadi yake. Miaka miwili baadaye amehama mji au amebadilisha kazi, taarifa za kuhuisha zinaingia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelisoma, na mwenye biashara aliyelipia kila kitu hana cha kumwonyesha msajili. Mtaalamu mwaminifu huandikisha jina kwa mteja tangu siku ya kwanza, naye hujipa ruhusa ya kufanyia kazi tu. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuafikiana, kabla ya rangi na nembo.

Baada ya jina inakuja nyumba, yaani seva inayohifadhi tovuti. Usiku wa manane wa Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la ghorofa tano la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyeumia, lakini mamilioni ya tovuti zilitoweka mtandaoni asubuhi hiyo. Wapo waliorudi siku hiyohiyo kwa sababu nakala zao zilikuwa mji mwingine. Wapo ambao nakala rudufu zao zilikuwa ndani ya eneo lilelile lililoungua. Waendeshaji wa mchezo wa Rust walitangaza kwamba data za seva zao za Ulaya zilizokuwemo hazitapatikana tena. Mwenye duka akiambiwa na fundi kwamba "bekapu ipo", maswali mawili yanabaki: iko jengo gani, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini kurudishwa?

Umbali wa seva una gharama pia. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Virginia, Marekani, penye vituo vingi vya data, ni zaidi ya kilomita 12,000, kwa hiyo kwenda na kurudi mara moja hakuwezi kuchukua chini ya sekunde 0.12. Ukurasa mmoja huhitaji safari kama hizo tatu au nne kabla ya kuanza kuonekana, na nyaya za baharini hazinyooki kama rula. Duka ambalo wateja wake wako Kariakoo na Gikomba lina sababu nzuri ya kuweka nakala ya kurasa zake karibu nao.

Picha ni mzigo mwingine, na huu hauhitaji mhandisi. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kufika MB 4. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unamla mteja MB 40. Mwenye bando la MB 500 akifungua kurasa kumi na mbili za aina hiyo, bando linakaribia kwisha. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi KB 200 kila moja, jumla ni MB 2, na kwenye kioo cha simu jicho halioni tofauti.

Kazi haiishi tovuti ikishafunguliwa. Vyeti vinavyoleta alama ya usalama kwenye kivinjari vina tarehe ya mwisho. Vile vya bure vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na mwezi Aprili 2025 kampuni za vivinjari na watoa vyeti zilipitisha kwamba, ifikapo Machi 2029, hakuna cheti cha tovuti za umma kitakachozidi siku 47. Maana yake, kuvihuisha kwa mkono kutakuwa kugumu mno, ni bora mtambo ufanye na mtu auangalie. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti ambayo inaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani, inahitaji masasisho, na vipachiko vyake visivyosasishwa ndimo wadukuzi hupenyea zaidi. Ndiyo maana mkataba na mtaalamu uwe wa matunzo ya kila mwezi, na utaje nani anahuisha nini, tarehe gani, na nywila zinakaa kwa nani.

Tarehe ya mwisho ya majina mengi iko wazi kwa umma. Tafuta mtandaoni huduma ya kuangalia usajili wa majina ya vikoa, andika jina la tovuti yako, na usome siku linapokwisha na msajili aliyeliandikisha. Kisha ingia kwenye akaunti ya msajili huyo. Ukishindwa kuingia, mpigie fundi wako leo, maadamu namba yake bado inapatikana.