Ushanga wa Santuri

Kando ya mto Rio Grande, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, uko mji mdogo wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Kwa muda mrefu wageni waliuita Santo Domingo. Wenyewe huuita Kewa. Watu wa Kewa ni mafundi wa vidani tangu kale. Walitumia feruzi, yaani jiwe la buluu ielekeayo kijani, na makombe ya baharini yaliyoletwa na wafanya biashara kutoka mbali, na jiwe jeusi jepesi lililo jamaa ya makaa ya mawe.

Hata mwaka 1929 biashara ya Marekani ikaanguka, na taabu ikadumu miaka kama kumi. Wanunuzi wakawa wachache, na fundi naye akakosa fedha za kununulia mawe. Basi watu wa Kewa wakatazama vitu vilivyotupwa: sahani za santuri zilizovunjika, makasha meusi ya betri za motokaa, vichana vyekundu, na mipini ya miswaki.

Sahani za siku zile zilifanywa kwa lakiri, ambayo asili yake ni utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, ikachanganywa na unga wa mawe na masizi. Kwa hiyo zilikuwa nyeusi na ngumu, nazo zilivunjika upesi zikianguka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sahani ilikatwa vipande vidogo vya pembe nne, na kila kipande kikatobolewa katikati kwa kekee. Kisha vipande vilitungwa pamoja, vikabanwa mpaka vikagusana, na utungo mzima ukasuguliwa juu ya jiwe la mchanga hata pembe zikaisha, na shanga zote zikawa mviringo wa kipimo kimoja. Kuchonga kila ushanga peke yake kungalichukua siku nyingi mno. Tena lakiri haipendi moto. Ikipata joto hulainika. Asuguaye kwa haraka huiharibu kazi yake.

Pambo la katikati mara nyingi lilikuwa ndege aliyetandaza mabawa, yule ambaye makabila mengi ya Marekani husimulia kwamba ndiye aletaye ngurumo. Umbo lake lilikatwa katika santuri au kasha la betri, na juu yake vikagandishwa kwa gundi vipande vya feruzi, vyekundu vya kichana, na vyeupe vya mfupa au jasi. Jamaa nzima ilishiriki kazi hiyo, kisha vidani vikauzwa kwa wasafiri kando ya njia na penye vituo vya gari la moshi.

Huenda mtu akasema kwamba hizo zilikuwa takataka tu. Lakini kugandisha feruzi juu ya kitu cheusi kulijulikana katika nchi ile zaidi ya miaka 900 iliyopita. Ufundi ulikuwa ule ule. Muuzaji aliyemwambia mgeni kuwa ni jiwe, huyo alikosa.

Siku hizi vidani hivyo hutafutwa sana na wakusanyaji wa vitu vya kale, na vingine vimewekwa katika majumba ya makumbusho. Na katika baadhi yake, pambo likigeuzwa, nyuma huonekana bado ile mistari myembamba iliyopitiwa na sindano ya santuri.