Mtoto naye hupewa jiwe

Katika "The Lottery", hadithi fupi ya Mmarekani Shirley Jackson ya mwaka 1948, wanakijiji hupiga kura kila mwaka na kumuua mwenzao kwa mawe. Ni mila tu. Kura inapomwangukia mama, hata mwanawe mdogo anapewa vijiwe.

Muleba, Holaria Pastory aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo akamshtaki: mila ya Wahaya ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilimpa haki sawa na mwanamume.

Leo mzazi wa Bukoba akigawa kibanja na kumruka binti, "ndiyo mila yetu", kijana wake anasikia. Naye kashapewa kijiwe.