MAUMIVU YA KIFUA KWA AKINA MAMA: MSHIPA WA MOYO UNAPOCHANIKA



Tumezoea kusema ugonjwa wa moyo ni wa wazee, au wenye sukari na shinikizo la damu. Basi mama wa miaka 35 akilalamika kifua, jamaa humwambia ni kiungulia, ni uchovu wa kulea, au amerogwa. Mara nyingi kweli si moyo. Lakini upo ugonjwa mmoja unaowapata zaidi wanawake wasio wazee, wengine wenye afya nzuri kabisa, na baadhi yao katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua.

Moyo hulishwa na mishipa yake midogo ya damu. Ukuta wa mshipa una tabaka, kama koti lenye bitana. Katika ugonjwa huu bitana huachana na koti ghafla, damu huingia katikati, huvimba na kubana njia. Msiba, mshtuko au mzigo mzito huweza kuuanzisha. Si kosa la mgonjwa.

Kifua kikibana au kuwaka, maumivu yakienda mkononi, mgongoni au tayani, pamoja na jasho baridi au kukosa pumzi, usingoje asubuhi. Nenda kituo cha afya cha kambi, au piga 912, simu ya gari la wagonjwa nchini Rwanda. Mwambie mhudumu ulijifungua lini. Kipimo cha kwanza cha umeme wa moyo huweza kuonekana kizuri. Ukiambiwa ubaki upimwe damu tena, baki.

Kituo hukupeleka hospitali ya wilaya, nayo ikiona lazima, Kigali. Huko, kama katika Hospitali ya King Faisal, daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au pajani hadi moyoni, akapiga picha ya mishipa.

Hapo ndipo manung'uniko huanza. Mgonjwa anarudi kambini na vidonge tu, watu wanasema amedharauliwa kwa kuwa ni mkimbizi. Kwa ugonjwa huu si hivyo. Mshipa uliochanika mara nyingi hujiponya wenyewe kwa majuma au miezi michache. Kuutia kibomba cha waya, kama wanavyofanya kwa mshipa ulioziba kwa mafuta, huweza kuuchana zaidi, na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda huweza kuongeza kuvuja. Kwa hiyo mgonjwa aliyetulia hulazwa siku kadhaa akiangaliwa, na mara nyingi hupewa aspirini na dawa ya kupunguza nguvu ya mapigo. Kibomba au upasuaji ni kwa yule ambaye damu haipiti au maumivu hayakomi.

Akirudi, asibebe kidumu cha lita 20. Majirani wamchotee maji. Kutembea taratibu kunamfaa. Asiache vidonge bila kuambiwa, aseme kama ananyonyesha, na amwone daktari kabla ya mimba nyingine au sindano ya uzazi, maana ugonjwa huweza kurudi. Karatasi za Kigali azitunze, aje nazo kila anapofika kituoni.