Kweli au Uongo: Risasi Iliyokataa Kulia

Mapigano ya Januari 2025 yaliacha Goma na risasi na mabomu yasiyolipuka. Yaliacha pia imani zinazoweza kumtoa mtu jicho au vidole. Tupime nne kwa kutazama bunduki ya bolti, maana mtambo wake ni rahisi kueleweka: springi husukuma pini, pini hugonga fataki kwenye kitako cha risasi, nayo fataki huwasha baruti.

«Pini ikigonga bila mlio, risasi imekufa.»
UONGO. Fataki dhaifu au baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa kushika moto. Mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama, mtu asubiri angalau sekunde 30, ndipo bolti ifunguliwe. Ikifunguliwa mapema, risasi inaweza kulipukia nje ya chemba na vipande vya ganda vikamrukia usoni.

«Alama kwenye fataki huonyesha kosa liko wapi.»
KWELI, mara nyingi. Kishimo hafifu humfanya fundi wa silaha akague springi iliyochoka, pini iliyolika au grisi iliyoganda ndani ya bolti. Kumwaga mafuta zaidi humo huzidisha tatizo. Kishimo kikionekana sawasawa na bado haikulia, basi risasi yenyewe ndiyo ya kushukiwa.

«Risasi iliyolowa ikianikwa, inapona.»
UONGO. Aprili 1915, manowari ya Kiingereza Hyacinth iliishambulia meli ya Kijerumani Rubens katika ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani huko, waliopoa shehena yake ya risasi, wakazifungua na kukausha baruti. Hata hivyo nyingi zilikataa kulia vitani, kwa kuwa maji ya bahari yalikwisha kuziharibu.

«Risasi ya kuokota yenye alama ya pini ni shaba ya kuuza tu.»
UONGO, na huu ndio wa hatari kuliko yote. Fataki iliyokataa pigo la kwanza inaweza kukubali la pili, liwe la nyundo au la jiwe, au ikawashwa na joto la makaa. Usiiguse wala usiipeleke nyumbani. Zuia wengine wasiikaribie, kisha toa taarifa kwa UNMAS, kitengo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia mabomu, au kwa Msalaba Mwekundu.

Mzazi wa Goma, uwe mtaa wa Majengo au wa Mugunga: mweleze mtoto wako leo, kabla hajatoka kucheza.