Wakili Mwema Huanza na Historia

Wako wazazi wengi ambao, wakisikia kwamba mtoto wao aliyeko chuoni Bukavu anasoma historia, huguna. Husema: "Tumeuza mbuzi na mihogo tulipe karo, naye anajifunza habari za wafu! Sisi tulitaka awe wakili." Tunawaheshimu kwa jasho lao, lakini tunaona hawajaifahamu vema kazi ya wakili.

Na tutazame kwetu. Barabara itokayo Bukavu hupita Miti, huingia msitu wa Kahuzi-Biega, kisha hufika Bunyakiri. Msitu huo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, na mwaka 1975 mipaka yake ikapanuliwa sana. Watwa waliokaa humo tangu zamani wakafukuzwa. Shauri lao lilifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Nayo, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, ikaona kwamba Serikali ya Kongo ilivunja haki zao, ikaitaka iwarudishie ardhi yao. Je, shauri hilo lilihitaji maswali gani? Nani aliishi msituni kwanza? Aliondolewa lini, na kwa amri ya nani? Hayo ni maswali ya historia kabla hayajawa ya sheria.

Tena, sheria zenyewe zina asili yake. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya Dola. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Basi, wakili asiyejua mambo hayo atamteteaje mkulima wa Bunyakiri alimaye shamba la babu yake bila karatasi?

Historia humfundisha kijana pia kupima ushuhuda: msemaji alikuwapo? Ana faida gani? Wengine wanasemaje? Ndivyo alivyofanya Danieli alipomwokoa Susana. Aliwatenga wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja chini ya mti gani. Wakataja miti tofauti, na uongo ukajulikana.

Hatutaki kuwadanganya. Historia peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Sharti apate shahada ya sheria, kisha akubaliwe na chama cha mawakili. Njia hiyo ni ndefu, na karo ni nzito. Lakini aliyeanza na historia asihesabu miaka yake kuwa imepotea, na anayesoma sheria asiidharau historia.

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Mtoto arudipo likizoni, mpelekeni kwa wazee. Aandike mipaka ya mashamba, majina ya waliolima, na miaka yao. Mzee akifa, shahidi amezikwa. Lakini yaliyoandikwa kwa uaminifu yataweza kusimama barazani siku mnyonge atakapodai haki yake.