Kenya: Gari la spoti la zamani huhitaji matairi gani, barabarani na kwenye njia ya mbio?

Katika nchi jirani ya Kenya, magari ambayo kwingineko yangekwisha kuhifadhiwa katika majumba ya makumbusho bado yanakimbia. Tangu mwaka 2003 hufanyika huko mashindano ya East African Safari Classic, yanayokusanya magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 1986. Miongoni mwa magari yanayopendwa na mashabiki ni Porsche 911, Ford Escort na Datsun 240Z, gari la Kijapani la viti viwili. Datsun 240Z lilishinda mbio za Safari mwaka 1971, na likashinda tena mwaka 1973, safari hiyo likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Si kila mwenye gari la namna hiyo ni bingwa wa mbio. Wengine huliendesha matembezini siku za kawaida, kisha mara chache kwa mwaka hulipeleka kwenye njia ya mbio iliyofungwa, ambako hakuna watembea kwa miguu wala magari yanayokuja mbele. Kwa watu hao swali gumu mara nyingi ni la matairi kuliko injini. Je, seti moja ya matairi yaweza kufaa kote kuwili, katika gari lenye umri wa miaka hamsini?

Yaweza kufaa, mradi mambo yapimwe kwa mpangilio unaostahili: kwanza umri wa tairi, pili kipimo chake, na tatu aina ya mpira. Wanunuzi wengi huanza na hilo la tatu, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Umri kabla ya meno

Gari la zamani aghalabu hutembea kidogo. Kwa sababu hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kulika. Joto, jua na oksijeni iliyomo hewani huukausha mpira polepole, nao hupoteza ulaini unaouwezesha kushika barabara. Mifereji ya tairi yaweza kuwa mirefu kama ya tairi jipya, ilhali mpira wenyewe umekwisha kuwa mgumu na kuanza kupasuka ndani kwa ndani.

Mfano unaokumbukwa na wengi ni ajali ya tarehe 30 Novemba 2013 katika jimbo la California, Marekani, iliyomuua Paul Walker, mwigizaji maarufu wa filamu za Fast & Furious, pamoja na rafiki yake aliyekuwa akiendesha. Gari lao lilikuwa Porsche Carrera GT la mwaka 2005. Wachunguzi walieleza mwaka 2014 kwamba chanzo kilikuwa mwendo wa kupita kiasi, kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa. Lakini waliongeza kwamba matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa miaka tisa, na kwamba huenda uzee huo ulipunguza utulivu wa gari barabarani.

Umri wa tairi husomeka ubavuni mwake. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT huwa na tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu liliundwa kabla ya mwaka 2000, na halistahili kubeba mtu hata kama halijawahi kufungwa kwenye gari.

Kampuni ya Michelin hushauri matairi yakaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na yabadilishwe yafikishapo miaka kumi tangu kuundwa, hata yakionekana mazima. Nchini Uingereza, tangu Februari 2021, sheria inakataza matairi yaliyopita miaka kumi kutumika katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Gari linalopelekwa kwenye njia ya mbio, ambako tairi hupata joto na mkazo mkubwa zaidi, lina sababu ya kuwa na tahadhari kupita hiyo.

Kipimo kinachopatana na gari

Datsun 240Z lilitoka kiwandani likiwa na matairi yenye upana wa milimita 175 na rimu za inchi 14. Leo viwanda vingi vimehamia rimu kubwa zaidi, na matairi ya mwendo kasi ya inchi 14 yamekuwa machache. Mwenye gari hana budi kujua kusoma vipimo ili apate mbadala.

Katika maandishi 195/70 R14, tarakimu ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya upana huo. Herufi R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukikokotoa, tairi hilo lina kipenyo cha karibu milimita 629, ambacho hakitofautiani sana na cha tairi la asili. Akinunua rimu za inchi 15, tairi la 205/60 R15 litampa takriban milimita 627. Lakini 195/60 R14, ingawa lina upana uleule wa 195, lina milimita 590 tu. Gari litashuka, injini itazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule, na kipima mwendo kitaonyesha kasi isiyo ya kweli.

Baada ya kipimo hufuata namba na herufi za uwezo. Kwa mfano, 86H humaanisha kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 530 na kustahimili mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Herufi V hufika kilomita 240.

Upana nao una mpaka. Gari la mwaka 1971 halina usukani unaosaidiwa na mashine. Tairi pana huuongezea uzito, na laweza kusugua bodi pale gari linapokata kona. Aidha, springi, beringi na vishikio vya magurudumu vilisanifiwa kwa ajili ya matairi yenye mshiko mdogo kuliko wa siku hizi. Tairi linalong'ang'ania lami kupita kiasi huhamishia mkazo wote katika vyuma hivyo vya zamani.

Mpira laini au mgumu

Mpira laini hushika vizuri lakini hulika upesi, ilhali mpira mgumu hudumu lakini huteleza mapema. Matairi yanayouzwa Marekani huandikwa ubavuni namba ya ustahimilivu, ambayo kipimo chake cha msingi ni 100. Matairi ya kawaida ya familia huwa na 400 na zaidi. Yale yanayokusudiwa barabara na njia ya mbio kwa pamoja mara nyingi huwa karibu na 200. Namba hiyo hutolewa na kiwanda chenyewe, hivyo ni dokezo la kumwongoza mnunuzi na haipaswi kuchukuliwa kuwa hukumu ya mwisho.

Tofauti kubwa zaidi iko katika joto. Tairi la kawaida likizungushwa kwa nguvu kwenye njia ya mbio hupata joto kupita kiasi, meno yake hupindapinda na kuanza kumeguka. Tairi la mbio lina kasoro ya upande wa pili: halishiki ipasavyo mpaka lipate moto, na katika mwendo wa kawaida wa barabarani huenda lisiupate kamwe. Isitoshe, mifereji yake ni michache. Mvua ya masika inapojaza maji barabarani, tairi hilo hushindwa kuyasukuma pembeni, gari huelea juu ya maji, na usukani na breki huwa kama havipo.

Ndiyo maana tairi lenye sifa kubwa uwanjani laweza kuwa tairi baya kuliko yote njiani kurudi nyumbani. Mwenye gari anayekwenda kwenye njia ya mbio mara mbili au tatu kwa mwaka hufaidika zaidi na tairi jipya la barabarani lenye sifa za mwendo kasi. Yule anayekwenda kila mwezi ni afadhali awe na seti ya pili ya rimu na matairi, abadilishe afikapo uwanjani, na abadilishe tena kabla ya kuondoka.

Upepo, na safari ya kurudi

Matairi yote manne yawe ya aina moja na umri unaokaribiana. Ikilazimu kununua mawili tu, mapya yafungwe nyuma, kwa kuwa gari likipoteza mshiko wa nyuma huzunguka ghafla, na dereva wa kawaida hawezi kuliwahi.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Uwanjani joto huupandisha, na madereva wengi hupunguza kidogo kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Kosa la kawaida ni kusahau kuurudisha: tairi lililopungukiwa upepo, likisafirishwa kilomita mia moja kwa kasi ya barabara kuu, hupata moto ubavuni na laweza kupasuka. Mwinuko nao una athari. Tairi lililojazwa Mombasa, kando ya bahari, huonyesha takriban psi 3 zaidi likifika Nairobi, iwapo halijoto haikubadilika.

Vifaa vya kukagua hayo yote ni vichache: kipima upepo, tochi ya kusomea ubavu wa tairi, na dakika kumi kabla ya kuondoka. Ukaguzi huohuo unapaswa kurudiwa jioni, dereva akiwa amechoka na mbio zimekwisha, kwa sababu barabara ya kurudi nyumbani ina watu wengine.